Barabara Ilitukuta Tupo

Vitabu vya jiografia tulivyosoma sekondari vilikuwa na orodha ya mambo yanayowafanya watu wajazane mahali: mvua, udongo mzuri, madini, viwanda, barabara. Barabara haikukosekana kamwe katika orodha hiyo. Na ukipita Chalinze utakubali mara moja, maana Chalinze ni mtoto wa njia panda. Bila magari ya Morogoro na ya Tanga kukutana pale, nani angekwenda kuuza mishikaki porini?

Mimi lakini ni mtu wa Kishanda, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, na kwetu habari hii ilikwenda kinyumenyume. Watu walikuwepo, tena wengi, wamebanana kama ndizi katika mkungu, miaka mingi sana kabla gurudumu la kwanza halijaonekana. Barabara ilipokuja haikuja kuwaleta watu, ilikuja kuifuata kahawa. Na ilipokwisha kuwa nzuri, watu wakaanza kuitumia kuondokea.

Naandika riwaya. Au niseme nimekuwa nikiiandika tangu nilipomaliza shule na kukosa nafasi ya kuendelea. Mhusika wangu anatoka Kishanda kwenda Mwanza, na sura ya tatu ilinikwamisha miezi kadhaa kwa swali ambalo mtu angeliita la kitoto: huyu bwana alisafiri na nini? Akiondoka mwaka 1925 ni hadithi moja, akiondoka 1962 ni nyingine, na akiondoka Mei 1996 huenda hafiki. Nikaanza kuuliza wazee, nikaanza kusoma. Riwaya bado iko sura ya tatu, ila niliyoyapata njiani sikutaka yaozee daftarini.

Kwanza lazima tuelewane kuhusu kibanja. Watu wa mjini siku hizi hukiita kibanja kiwanja chochote cha kujengea, lakini kwetu kibanja ni nyumba pamoja na migomba inayoizunguka, na chini ya migomba mna mibuni, na chini ya mibuni mna maharage, na pembeni kuna makaburi ya wazee. Vibanja vikishikana vingi ndipo kinapatikana kijiji. Nje ya kijiji ni rweya, mbuga ya nyasi yenye udongo maskini. Ukisimama mlimani Muleba utaona vijiji kama visiwa vya kijani kibichi, na rweya ndiyo bahari yake.

Mgeni huona ajabu: kwa nini watu wabanane kisiwani na rweya iko wazi? Jibu ni kwamba udongo wa kibanja haukukutwa pale, ulitengenezwa. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, jioni wakarudi nyumbani na samadi yao. Nyasi za rweya zilikatwa, zikaezekwa, zikatandikwa sakafuni, zikiisha kuchakaa zikatupwa migombani. Mwaka baada ya mwaka rweya ilihamishwa kidogo kidogo na kuletwa kibanjani, kwa miguu ya ng'ombe na vichwa vya wanawake. Basi kibanja cha babu ni akiba ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Huwezi kukihamisha. Kijana akiambiwa leo aende akaanze maisha rweya huona ametupwa, na hana kosa.

Hiyo ndiyo siri ya wingi wetu. Watu walikaa pamoja kwa sababu rutuba ilikuwa pale walipokaa watu. Njia za kupita zilikuwa vichochoro katikati ya migomba, vyembamba kiasi kwamba wawili wakikutana mmoja humpisha mwenzake na kuamkiana huchukua muda kuliko kupishana. Mzigo ulikwenda kichwani. Hapakuwa na haja ya zaidi: chakula kiko mlangoni, kuni ziko nyuma ya nyumba, na Omukama wa Ihangiro alitembelewa kwa miguu na vibuyu vya rubisi.

Tusidanganyane lakini kwamba ilikuwa peponi. Mfumo huo ulisimama juu ya ng'ombe, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuwafyeka. Funza nao walifika miaka hiyo hiyo, wakala vidole vya watu. Ng'ombe wakiisha, samadi imeisha, na kibanja kinaanza kula akiba yake. Wenye ng'ombe waliobaki wakawa mabwana kuliko walivyokuwa, na wasio nao wakaegemea kwa wenye nacho. Unyarubanja, yaani ule mfumo wa mtu kulima kibanja cha bwana na kumlipa fungu, ulizidi kukaza nyakati hizo za Mjerumani na Mwingereza, na sheria ya kuufuta haikupitishwa hadi 1965.

Sasa njoo ziwani. Wengi husahau kwamba zaidi ya nusu ya eneo la wilaya ya Muleba ni maji. Visiwa vya Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga vyote ni vyetu. Barabara yetu ya kwanza kubwa ilikuwa ziwa, na mgeni wa kwanza mashuhuri kuja nayo hakuja kwa heri. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley, akilizunguka ziwa na mashua yake Lady Alice, alifika Bumbire mwezi wa Aprili. Watu wa kisiwa wakaivuta mashua nchi kavu na kumnyang'anya makasia, naye akaponea chupuchupu. Mwezi wa Agosti akarudi, safari hii na mitumbwi mingi na bunduki, akasimama mbali kidogo na ufuko, mahali mishale haifiki, akawamiminia risasi wakiwa wamejipanga ufukoni. Waliokufa ni makumi. Habari ilipofika Uingereza hata Wazungu wenzake walimlaumu. Sisi shuleni tulimsoma Stanley kama mpelelezi aliyethibitisha ukubwa wa ziwa na mito yake, na Bumbire tuliisikia kwa wavuvi wa dagaa.

Novemba 1890 akaja Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani, akajenga boma ufukoni Bukoba. Miaka kumi na moja baadaye, Desemba 1901, reli ya Waingereza kutoka Mombasa ikafika Kisumu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Angalia upuuzi wa siasa: Bukoba ni ya Mjerumani, Dar es Salaam ni ya Mjerumani, lakini mzigo wa Bukoba unapata nafuu kuvuka ziwa kwa meli ya Mwingereza, kupanda treni ya Mwingereza na kushuka Mombasa. Njia ya Tabora ya wapagazi ikabaki ya masikini. Reli yetu wenyewe, ile tawi la kutoka Tabora, haikufika Mwanza hadi 1928. Kwa hiyo Buhaya iliuzoea uso wa Kisumu na Kampala kabla haijaujua uso wa Dar. Hata leo mzee wa kwetu akisema mtoto wake "yuko nje", usishangae ukisikia yuko Masaka.

Kilichopita njia hiyo ni kahawa. Kahawa kwetu si mgeni aliyeletwa na Mzungu. Tulikuwa nayo, ila hatukuikoroga kikombeni. Ilichemshwa na majani ya harufu, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni alipokelewa kwayo. Wawili waliotaka kuchanjana damu walitumia buni mbili za tunda moja, kila mmoja ya mwenzake. Mibuni haikuwa mingi na wakuu walitaka ibaki michache. Wajerumani, kisha Waingereza, wakageuza: pandeni, pandeni. Miaka ya 1920 bei ikapanda, na mtu wa kawaida mwenye kibanja cha kawaida akaona noti. Wakajenga mabati. Wakapeleka watoto shule kwa mapadri na wachungaji. Wakanunua baiskeli.

Na barabara? Barabara ililimwa kwa jembe na watu wale wale, wakitolewa na wakuu wao. Omukama alipewa amri na Bwana Shauri, naye akawapa wakungu, nao wakapita kibanja kwa kibanja. Hakuna aliyelipwa. Bibi yangu aliyahadithia hayo kama aliyohadithiwa na mama yake: barabara hazikupita vijijini, zilipita pembeni, kwenye mgongo wa rweya, kwa kuwa huko hakuna migomba ya kukata na gari halitelezi. Ukichunguza utaona barabara nyingi za zamani Muleba ziko hivyo. Lori lilisimama rweya, na gunia la kahawa likatoka kijijini kichwani kulifuata. Yaani barabara ilifika karibu na watu, haikufika kwa watu. Niliposikia hivyo nilielewa kwa nini mpaka leo mtu wa Kishanda akikwambia "naenda barabarani" anasema kama anayekwenda nchi nyingine.

Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walichoka. Serikali ilileta masharti ya kulima kahawa, ng'oa hiki, tandika kile, na mabwana shamba wakaingia vibanjani mwa watu. Vurugu zikazuka, watu wakawekwa ndani. Wengine huisimulia kama hadithi ya ukaidi wa Wahaya. Mimi naisoma hivi: mtu ametengeneza udongo wake vizazi saba, anakuja kijana na karatasi kumfundisha kutandika nyasi! Wewe ungekaa kimya?

Fedha ya kahawa ilifanya jambo lingine, na hapa ndipo hesabu ya watu inapoanza kuchekesha na kuliza. Vibanja vilihitaji mikono, na Wahaya wenye noti hawakutaka tena kukata nyasi. Wakaja watu kwa miguu kutoka Rwanda na Burundi, wakalima, wengi wakarudi na wengine wakabaki, wakaoa, wakapewa majina ya kwetu. Leo kuna watu hapa watakukasirikia ukiitaja asili yao, na kuna wengine watakukasirikia ukiisahau. Wakati huo huo Wahaya nao walikuwa wanaondoka, wanaume kwa wanawake, kwenda Kampala, Nairobi, Mombasa. Meli iliyochukua kahawa ilichukua na abiria.

Na wakati fedha imejaa, watoto walikuwa haba. Miaka ya 1930 watawala waliingiwa na hofu kwamba Wahaya wanapungua. Walituma watu kuchunguza, wakahesabu mimba na watoto waliokufa, wakakuta magonjwa ya zinaa yamewafunga wanawake wengi uzazi. Mwanahistoria Shane Doyle, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya uzazi na vifo vya Buhaya, Ankole na Buganda kabla ya UKIMWI, ameyaeleza hayo kwa kirefu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini, na uzazi ukapanda. Sensa ya kwanza ya kisasa ya Tanganyika ilifanywa 1948, ikakuta nchi nzima ina watu wapatao milioni saba na nusu. Ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ikakuta milioni 12.3, na mkoa wetu, ulioitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa na zaidi ya laki sita na nusu. Miaka kumi na moja baadaye, 1978, mkoa umegonga milioni moja. Hofu ya kupungua ikasahaulika kabisa. Watu wakaanza kugombea mpaka wa migomba.

Miaka ya 1950 na 1960 wazee wanaikumbuka kama msimu wa mvua njema. Chama kikuu cha ushirika, BNCU, kiliundwa 1950, na kahawa ikaanza kupita mikononi mwa wakulima wenyewe. Malori yaliongezeka. Mwaka 1961 ikateremshwa majini meli ya Victoria, na safari ya kwenda Mwanza ikawa ya kulala jioni na kuamka umefika. Kina mama wa Muleba walijua ratiba ya meli kama wanavyojua siku za gulio. Mkungu unakatwa asubuhi ili usilale, unapelekwa Kemondo, unapakiwa, kesho yake uko sokoni Mwanza. Hapo tunaweza kusema kweli kwamba kijiji kiliunganishwa na mji. Ila kiliunganishwa kwa uzi mmoja tu, na uzi ule ulikuwa juu ya maji.

Miaka iliyofuata uzi huo ulivutwa kutoka kila upande. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyohamisha mamilioni ya watu nchini, kwetu haikung'oa wengi, maana utamhamishaje mtu na mgomba wa kudumu? Tulisajiliwa kijiji palepale tulipo. Ushirika ukavunjwa 1976. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, meli zikagawanywa kama vyombo vya nyumba iliyovunjika, Victoria ikabaki kwetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia, daraja la Kyaka likavunjwa, na kaskazini ya mto Kagera watu wakakimbia na watoto mgongoni. Vita ilipokwisha 1979 mkoa ukachukua jina la mto ule. Nchi ilikuwa haina sabuni wala sukari wala mafuta ya taa, Uganda ilikuwa haina serikali ya kueleweka, na mpakani kukazuka magendo ya kila namna.

Katika bidhaa za magendo kulikuwa na shati moja la mtindo lililoitwa Juliana. Vijana waliokuwa na fedha walilivaa. Kisha vijana wale wale wakaanza kukonda. Watu wakauita ugonjwa Juliana, wengine wakadhani shati limerogwa na Waganda waliodhulumiwa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuthibitishwa Tanzania walikuwa wa Kagera. Uchunguzi wa 1987 ulikuta katika mji wa Bukoba karibu watu wazima 24 katika kila 100 wana virusi. Vijijini ilikuwa pungufu, na ilipungua kadiri unavyokwenda mbali na mji. Fikiria maana ya jambo hilo, msomaji. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, ubovu wa barabara ulikuwa kinga. Kijiji kilicholalamika miaka yote kwamba gari halifiki kilizika watu wachache kuliko kijiji cha njia kuu.

Sitaki kusema ilikuwa bahati, maana Muleba nayo ilizika. Kizazi changu kimelelewa na bibi kwa sababu hiyo. Darasani kwetu shule ya msingi ilikuwa kawaida mwalimu kuuliza "mzazi wako nani" na mtoto akataja jina la nyanya yake. Sensa inakupa idadi ya watu. Haikupi idadi ya nyumba ambamo kati ya mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka minane hakuna mtu.

Ndipo ikaja Mei 1996. Ili uelewe kwa nini watu wengi vile walikuwa ndani ya meli moja, lazima ujue barabara ilivyokuwa. Kwenda Mwanza kwa gari kulikuwa ni kuzunguka ziwa kwa vumbi na mashimo, na kungoja kivuko Busisi. Kwenda Dar es Salaam watu wengi wa Bukoba waliona afadhali kutoka nje ya nchi: kupita Mutukula, Masaka, Kampala, Nairobi, na kuingia tena Tanzania kupitia Namanga. Mtanzania anavuka nchi mbili kufika mji mkuu wa biashara wa nchi yake! Asiye na fedha wala hati alikuwa na meli tu.

MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei, ikapitia Kemondo, ambako watu wa upande wa Muleba walipandia na mizigo yao ya ndizi. Meli iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia Mwanza, ikapinduka. Haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na waliofungiwa ndani walisikika wakigonga chuma. Wakaja watu na vifaa, wakatoboa tundu wapate kuwatoa. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kupitia tundu hilo, na meli ikaenda chini na waliokuwa wakigonga. Waliokufa ni zaidi ya 800. Makaburi ya wengi yako Igoma, Mwanza.

Nasema "zaidi ya" kwa sababu orodha kamili ya abiria haikuwepo. Wenye tiketi walijulikana, walau kwa idadi. Wasio na tiketi, watoto wa kubebwa, waliopandia Kemondo usiku kwa kufahamiana na mtu, hao walihesabiwa vijijini na waliokuwa wakiwangoja warudi. Watu wa takwimu hutafuta watu kwa karatasi. Kwetu walitafutwa kwa mkeka. Siku ya tatu, ya nne, nyumba ambayo mtu wake hajaonekana ilitandika mkeka nje na majirani wakaja kukaa. Hesabu ya mikeka ndiyo iliyokuwa sahihi, lakini nani aliiandika? Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimeipata kwa kuuliza nyumba hadi nyumba, na kila mara nilipouliza habari za usafiri wa zamani, hata nikianza na Mjerumani, mazungumzo yaliishia kwenye meli ile.

Baada ya hapo barabara ilianza kushughulikiwa kwa dhati, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Lami ya kutoka Mutukula kupitia Bukoba ilishuka kusini polepole hadi Muhutwe, kisha Kagoma, na kipande kirefu cha Kagoma kwenda Biharamulo na Lusahunga, kilomita 154, kilizinduliwa mwaka 2013. Basi la Dar sasa linapita Muleba bila kuomba ruhusa kwa Waganda wala Wakenya. Ni zaidi ya kilomita 1,400, lakini ni za kwetu. Hapo ndipo nilitegemea kuona orodha ya kitabu cha jiografia ikitimia: barabara imekuja, watu waje.

Tazama sensa sasa. Mwaka 2002 wilaya ya Muleba ilikuwa na watu 386,328. Mwaka 2012, ilipokuwa bado vumbi tupu au lami ya vipande, walikuwa 540,310. Ongezeko ni karibu watu 40 kwa kila 100, wakati nchi nzima iliongezeka kama 30 kwa kila 100. Nadhani sehemu yake ni wavuvi waliofuata sangara na dagaa visiwani. Kisha ikaja lami. Mwaka 2022 tulihesabiwa zaidi ya 637,000 kidogo. Yaani ongezeko la watu 18 tu kwa kila 100, huku nchi ikiongezeka kwa 37. Muongo wa vumbi tuliipita nchi, muongo wa lami nchi ikatuacha mbali.

Ebo! Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani kikokotoo kimeharibika.

Sisemi lami peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza, na uligunduliwa wapi? Muleba hii hii. Mgomba unanyauka kuanzia majani, ndizi inaiva kabla ya wakati na ndani ina kahawia, na dawa yake ni kuung'oa na kuuzika. Kibanja ambacho kimelisha watu vizazi vyote unakikuta kimepandwa mihogo. Na pale ambapo migomba ilipona, ardhi imekatwakatwa. Babu alikuwa na kibanja kimoja, wanawe wanne wakakigawa, na sisi wajukuu tukigawana tutapata kila mmoja mahali pa kuzikwa, si zaidi. Katika kikao cha ukoo mwaka juzi mjomba mmoja aliuliza nani kati ya vijana anataka sehemu yake alime. Kimya. Si dharau, waitu. Kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu ya nauli.

Hivyo njaa ya ardhi ndiyo iliyosukuma, na lami ikafungua mlango. Zamani aliyetaka kuondoka alihitaji kungoja siku ya meli, kuaga, kufungiwa ndizi za njiani. Kuondoka kulikuwa ni shughuli. Sasa ni simu moja kwa kijana wa bodaboda, na kesho kutwa mtu yuko Kahama au Mbagala. Wanaorudi hurudi Desemba, wakati wa senene na sikukuu, na kwa wiki mbili Kishanda huwa na watu kama ilivyoandikwa katika hadithi za wazee.

Mfanyakazi wa sensa alipofika kwetu Agosti 2022 na kishikwambi chake, aliuliza waliolala nyumbani usiku wa kuamkia tarehe 23. Bibi akaanza kutaja majina: wa Geita, wa Dar, wawili wa Mwanza, yule wa Kampala. Kijana akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akarudia: "Bibi, waliolala hapa." Bibi akamtazama kama mtu asiyejua maana ya nyumba. Kikaandikwa: wawili.

Pikipiki hizo nisizikashifu tu. Kabla yake mgonjwa wa Kishanda alibebwa kwa machela ya miti, vijana wakipokezana bega, na jirani asiyetokea kubeba alitozwa na wenzake. Mama mwenye uchungu alibebwa hivyo hivyo, na mvua ikinyesha wabebaji waliteleza naye. Leo anakwenda kwa bodaboda, amekaa katikati ya dereva na mama mkwe. Si usafiri wa mja mzito, kila mtu anajua, lakini anafika Rubya hospitalini siku hiyo hiyo. Vijana wa kubeba machela hata wangetakiwa hawapo.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, refu la kilomita tatu juu ya ziwa, na kile kivuko kilichokuwa kikiwakalisha watu saa nzima na zaidi kikakosa kazi. Lori la ndizi likitoka Muleba jioni linaingia Mwanza bila kusimama mahali. Uzi wa majini tulioutegemea tangu Mjerumani umepata mwenzake wa nchi kavu.

Kutoka kibanjani Kishanda hadi kwenye hiyo lami bado ni udongo. Mikungu hutoka kwa baiskeli, miwili huku na miwili huku na mmoja juu ya keria, na kijana hapandi, anaisukuma kwa kijiti kilichofungwa kwenye usukani. Mwezi wa nne mvua zikikolea hata baiskeli hushindwa kupanda mlima. Wenye malori wanaijua miezi hiyo. Hungoja juu, barabarani, na bei ya mkungu uliofika huko umetapakaa tope huitaja wao.